Nusu dola ya Cincinnati ya 1936: aibu ni ya aliyeiuza, si ya anayeitunza

Wapo wakusanyaji wa sarafu za kumbukumbu za Marekani wanaolaani nusu dola ya Cincinnati, iliyogongwa kwa madini ya fedha, kuliko zote. Kwao hii ni sarafu ya uongo, na kuinunua hata leo ni kuutukuza uongo huo.

Kuhusu uongo wenyewe, hawajakosea. Sarafu inadai kuadhimisha miaka 50, 1886 hadi 1936, ya mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, kama kitovu cha muziki. Mwaka 1886 hapakutokea jambo linalostahili maadhimisho hayo. Sura iliyowekwa ni ya Stephen Foster, mtunzi aliyekuwa karani wa hesabu mjini humo katika miaka ya 1840 na kufariki 1864, miaka 22 kabla ya hicho kinachoadhimishwa. Tume ya Sanaa ya serikali ilipinga, na mwenyekiti wake, Charles Moore, akaeleza kwamba heshima ya muziki wa Cincinnati ni ya kiongozi wa okestra Theodore Thomas na tamasha la muziki la Mei la mji huo lililoanza 1873. Hakusikilizwa. Ongeza kwamba baadhi ya nyimbo maarufu za Foster ziliandikwa kwa ajili ya maonyesho ya wazungu waliojipaka masizi usoni kuwakejeli watu weusi, na utaelewa kwa nini wengine hawataki hata kuiona.

Lakini uongo wa tarehe ndio mdogo. Mkubwa umo kwenye hesabu, na hapo ndipo wapinzani wa sarafu hii hupita haraka mno.

Sheria iliruhusu sarafu zisizozidi 15,000, zikabidhiwe chama kimoja kwa thamani yake ya kawaida, senti 50 kila moja. Nyuma ya chama hicho alikuwa Thomas Melish, mfanyabiashara wa Cincinnati aliyekuwa mkusanyaji mwenyewe, kwa hiyo aliijua fika njaa ya wenzake. Viwanda vitatu vya serikali vya kugonga sarafu, Philadelphia, Denver na San Francisco, viligonga 5,000 kila kimoja, pamoja na chache za ziada za kukaguliwa ubora. Muundo ni uleule, tofauti ni herufi ya kiwanda tu, na mkusanyaji hawezi kulala akiwa na mbili kati ya tatu. Zikauzwa kwa seti ya tatu, dola 7.75. Dola 1.50 ilirudi kama thamani ya sarafu, 6.25 ilibaki. Zidisha kwa seti 5,000: dola 31,250 kabla ya gharama, enzi ambayo mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na kazi. Na waliokosa seti kwa bei hiyo wakalazimika kuzitafuta kwa bei iliyopanda mara kadhaa.

Hapa pana jambo la kutazama kwa makini. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Bunge halikupanga bei ya kuuzia wala halikumbana mpokeaji juu ya mgawanyo. Nusu dola nyingine ya kumbukumbu, ya Daniel Boone, ilipitia mlango uleule: toleo la 1935 lililoongezewa tarehe ndogo ya 1934 liligongwa takriban 2,000 tu Denver na 2,000 San Francisco. Kelele za wakusanyaji wenyewe zilichangia Bunge kuufunga mlango huo Agosti 1939. Zilizotolewa baada ya hapo zilikuwa chache, na baada ya 1954 Marekani haikutoa sarafu ya kumbukumbu hadi 1982, na sasa kiwanda cha serikali ndicho kinachouza, nyongeza ya bei ikiwa imetajwa ndani ya sheria.

Kwa hiyo anayeiweka Cincinnati kabatini anatunza ushahidi wa namna sheria legelege inavyoliwa. Senti yake haimfikii Melish. Kuiacha nje ya mkusanyiko ni kung'oa ukurasa unaoeleza kwa nini kurasa za miongo iliyofuata ni chache.

Hoja moja ya wapinzani naikubali bila kusita: asinunue mtu akidhani analipia madini ya fedha. Sarafu ina gramu 12.5, ambazo fedha safi ni 11.25, bei iliyobaki juu ya hapo ni ya uhaba, na uhaba huu ulipangwa.

Anayeamua kununua aanze na mizani ya kusoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha apime kipenyo: milimita 30.6. Uchakavu huanzia kwenye nywele za kipajini mwa Foster na, upande wa pili, kwenye titi la mwanamke aliyeshika kinubi. Sehemu hizo zikiwa zimefifia huku sehemu bapa zinazozunguka picha ziking'aa sawasawa kila mahali, sarafu imesuguliwa. Mng'ao halisi huzunguka kama miale ukiigeuza chini ya taa moja. Utelezi wa kijani hutokana na mifuko ya plastiki laini. Huondolewa kwa kuzamisha sarafu katika kiyeyushi cha asetoni safi, mbali na moto, bila kuisugua hata kwa pamba. Rangi ya kahawia au samawati iliyotokana na salfa ya makaratasi ya zamani iachwe kama ilivyo. Na ukiuziwa "seti ya asili", zilaze tatu pamoja: zilizokaa kasha moja tangu 1936 aghalabu huwa na rangi zinazofanana. Moja ikiwa nyeupe pe na nyingine zimekolea, kuna uwezekano mkubwa kasha ni la kweli ila sarafu zimeokotezwa, na bei ishuke kulingana na hilo.