Hukumu Imetoka, Mitambo Bado Inazunguka

Tarehe 11 Oktoba 2021, majaji 11 wa Mahakama ya Juu ya Norwei waliamua kwa kauli moja kwamba leseni za miradi miwili ya umeme wa upepo katika rasi ya Fosen, yaani Storheia na Roan, ni batili, kwa kuwa zilivunja haki ya wafugaji wa Kisaami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, ya kuendeleza utamaduni wao, haki inayolindwa na ibara ya 27 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Anayesoma hukumu ile huku amezoea habari za wafugaji kushindwa mahakamani anaweza kudhani kwamba mambo yalikwisha hapo. Hayakwisha. Mitambo 151 iliyokuwa imesimama kwenye vilima vile asubuhi ya hukumu iliendelea kuzunguka jioni yake.

Wengi huilaumu serikali ya Norwei kwa kutotekeleza hukumu, na lawama hiyo ni ya haki. Mimi naona kosa kubwa zaidi lilitendeka mapema, pale serikali iliporuhusu ujenzi uanze mwaka 2016 ilhali wafugaji walikuwa bado wanaipinga leseni. Desemba 2018, kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi wa rangi iliiomba Norwei isimamishe kazi Storheia hadi malalamiko yachunguzwe, Norwei ikakataa. Hadi majaji wanaitwa kuamua kama barabara zichongwe na zege limwagwe, barabara zilikwisha kuchongwa na zege lilikwisha kukauka.

Kwa nini vilima vile? Wakati wa baridi reinidia, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye ndiye mhimili wa ufugaji wa Wasaami, hula likeni, viumbe kama mimea vyenye rangi ya majivu vinavyotambaa ardhini na kukua polepole mno. Huvinusa chini ya theluji, kisha hufukua kwa kwato za mbele. Theluji ikiwa laini, hushiba. Mvua ikinyesha katikati ya baridi na kuganda, malisho hufungwa chini ya barafu na mnyama hubaki amesimama juu ya chakula asichoweza kukifikia. Ndiyo maana vilele vya wazi, ambako upepo hupeperusha theluji, vina thamani kubwa kwa mfugaji. Upepo huohuo ndio uliowavuta wenye mitambo. Nao reinidia huyakwepa maeneo yenye mapanga yanayozunguka, barabara na nyaya, kiasi kwamba mahakama ilikubali kuwa malisho yale ya baridi kwa kweli yamepotea.

Mahakama ya rufani ilikuwa imependekeza njia nyepesi: wafugaji walipwe takriban kroni milioni 90 ili wawafungie wanyama na kuwalisha wakati wa baridi. Mahakama ya Juu iliikataa njia hiyo, na hapo ndipo ninapoiheshimu zaidi. Reinidia anayelishwa zizini anaweza kunenepa vizuri tu, lakini ujuzi wa kusoma theluji na kuhama na kundi hauna pa kurithishwa ndani ya uzio.

Siku 500 zilipotimia bila hatua yoyote, mwezi Februari 2023, vijana wa Kisaami waliingia katika Wizara ya Mafuta na Nishati mjini Oslo na kukaa sakafuni. Baadhi yao walivaa gákti, vazi lao la heshima, likiwa limegeuzwa nje ndani, ishara ya zamani ya kukataa jambo. Tarehe 2 Machi waziri Terje Aasland aliomba radhi. Baadaye yakaja makubaliano, ya wafugaji wa kusini mwa Fosen Desemba 2023 na ya wale wa kaskazini Machi 2024, yenye fidia na malisho mengine, huku mitambo ikibaki. Siwalaumu waliotia saini. Familia chache haziwezi kupigana na kampuni kubwa za umeme maisha yao yote.

Msomaji wa Kenya anaweza kuwa amekwisha kukumbuka jambo la nyumbani. Siku nane tu baada ya hukumu ya Oslo, tarehe 19 Oktoba 2021, mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, ekari 150,000 huko Marsabit, zilipatikana bila kufuata sheria. Mitambo yote 365 ilikuwa imekwisha kusimama. Miongoni mwa waliotia fedha zao mle ni Norfund, mfuko wa serikali hiyohiyo ya Norwei.

Aili Keskitalo, aliyekuwa rais wa Bunge la Wasaami la Norwei, huyaita mambo haya ukoloni wa kijani. Jina linafaa, ila nishati safi si adui hapa, kwani mfugaji ndiye wa kwanza kuumizwa na mvua hizo zinazoganda, ambazo ongezeko la joto duniani linazizidisha. Na migodi hufuata mkondo uleule. Nchini Uswidi, ambayo haijaridhia Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu watu wa asili, serikali iliidhinisha mgodi wa chuma wa Gállok, karibu na Jokkmokk, Machi 2022. (Norwei ilikuwa ya kwanza duniani kuuridhia, mwaka 1990, na tumekwisha kuona ulivyowasaidia watu wa Fosen.)

Huko Kiruna, Uswidi hiyohiyo, Januari 2023, kampuni ya serikali LKAB ilitangaza kugundua Per Geijer, akiba ya zaidi ya tani milioni moja za oksidi za madini adimu yanayotakiwa kwa magari ya umeme. Wafugaji wa Gabna, jumuiya ya Wasaami wa huko, ambao njia yao ya kuhamisha wanyama imekwisha kubanwa na mji, reli na mgodi wa zamani, wanasema mgodi huo mpya utaikata kabisa. Kama kuna mahali ambapo zuio la mahakama lingekuwa na maana, ni pale, sasa, kabla ya shimo.