Kijana anamfuata aliyemfundisha

Juzi nilimsikia daktari bingwa akimbeza daktari kijana aliyetoka kwenye kozi ya siku mbili ya kuhudumia majeruhi na kutangaza kwamba sasa anataka upasuaji. "Hiyo ni homa ya kozi, itapita," alimwambia mbele ya wenzake. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mtazame intani, daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, kwenye raundi ya asubuhi wodini. Yuko mwisho wa msafara, mafaili kwapani, anaandika. Akiulizwa swali, mara nyingi ni la kumbana. Anaweza kumaliza zamu yake yote kwenye idara bila bingwa yeyote kulijua jina lake. Kisha anaingia kwenye kozi. Wako wachache mezani, mdoli mbele yao, na mkufunzi anamkabidhi laringoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya koo. Anaishika vibaya, chuma kinaegemea meno. Mkufunzi hamfokei. Anausogeza mkono wake taratibu: "Inua kwenda mbele na juu, usikunje kifundo. Umeziona nyuzi za sauti? Haya, pitisha mpira wa hewa." Unapita, na mapafu ya plastiki yanapanda pande zote mbili. Huenda tangu aanze kazi hajawahi kufundishwa hivyo. Akimfuata aliyemfundisha, kosa lake liko wapi?

Tena kozi hizi hazikuanzishwa kuvutia watu kwenye ubingwa. ATLS, kozi mashuhuri ya kuhudumia majeruhi, ilitokana na ajali ya ndege ya James Styner, daktari wa mifupa, huko Nebraska mwaka 1976. Mkewe alifariki, na matibabu waliyopata watoto wake yalimsikitisha mno. Kozi ya kwanza ilifanyika 1978. Shabaha ilikuwa daktari yeyote, popote alipo, ajue kuanza na njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha damu.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba siku mbili hazimwonyeshi mtu kidonda kinachogoma kupona, wala ndugu wa kupewa taarifa ya msiba saa tisa usiku. Ada nazo huwazuia wengi.

Lakini nyie wa magonjwa ya akili, patholojia (uchunguzi wa magonjwa kwenye sampuli za mwili) na tiba shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi), mnaolalamika kwamba vijana hawaji, kozi zenu ziko wapi? Mwekeni daktari kijana mbele ya mwigizaji anayejifanya mtu aliyekata tamaa. Mfundisheni kumuuliza waziwazi kama amefikiria kujiua, maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, kisha anyamaze mpaka ajibiwe. Kunyamaza huko ni ujuzi, na unahitaji mazoezi kama kupitisha mpira kooni. Atakayefanikiwa mara moja atataka kurudia.

Na bingwa wa patholojia mwenye hadubini ya watazamaji wawili tayari ana darasa. Amwite intani mmoja Jumamosi, amkalishe upande wa pili, wazisome pamoja slaidi, yaani vioo vyenye sampuli, za mgonjwa ambaye intani huyo mwenyewe alimpeleka kufanyiwa upasuaji.