Tangu inashuka melini ilikuwa otomatiki

Leo asubuhi nimesukumwa na vijana sita kutoka getini kwangu hadi kwa muuza supu. Mimi nimekaa kwenye usukani, tai shingoni, nawapungia majirani mkono kama mgeni rasmi. Tukateremka na kilima. Kimya. Wakaongezeka wawili kutoka kijiwe cha bodaboda, tukarudia. Kimya. Mara ya tatu, jasho limeshawaloa, mdogo wao akachungulia dirishani, akaitazama gia, akaniuliza kwa adabu zote: "Mzee, samahani, hii si otomatiki?"

Ni otomatiki. Tangu inashuka melini ilikuwa otomatiki. Nilijua. Gari la otomatiki hata ulisukume mpaka Chalinze haliwaki, maana gia zake zinashika kwa presha ya mafuta, pampu ya mafuta hayo inazungushwa na injini, na injini ndiyo hiyo imelala. Yote hayo niliyajua! Lakini watu wameshakuja mbio kukusaidia, wamekunja na suruali, unaanzia wapi kuwaambia? Wakadai hela ya soda. Nikasema gari halijawaka. Wakasema, "Ila sisi tumesukuma." Elfu kumi ikaondoka.

Betri imeuliwa na feni. Feni imefungwa na fundi. Na fundi nilimkabidhi funguo mwenyewe, kwa mkono wangu wa kulia, Jumamosi saa tatu asubuhi.

Corolla yangu ni ya 1998. Wenzangu mnaelewa. Kioo cha dereva kinapanda kwa kusaidiwa na kiganja, mlango wa nyuma unafunguliwa kwa nje, na taa ya cheki injini inawaka tangu siku niliyoinunua. Aliyeniuzia aliibandika stika ya Nenda kwa Usalama juu yake, tukapeana mikono. Hayo nimeshayazoea. Kilichonishinda ni kuchemsha. Nikipata barabara nyeupe mshale wa joto umetulia katikati. Nikifika foleni ya Buguruni, dakika kumi tu, unapanda kama bei ya nyanya.

Sasa mimi si mtu wa kudanganywa. Ijumaa usiku nilisoma. Gari likikimbia, upepo unaipoza rejeta wenyewe. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Kwa hiyo gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likitembea, mtu wa kwanza kuhojiwa ni feni. Nikalala nimeridhika, najiona nusu injinia.

Gereji yenyewe ni mwembe, benchi moja na injini ya gari la mtu ambaye nadhani alishahama mji. Nikaanza kujieleza. Fundi akaninyamazisha kwa kidole. Akaweka sikio juu ya boneti, akafumba macho. "Washa." Nikawasha. "Zima." Nikazima. "Washa, kanyaga mafuta." Nikakanyaga. Akafumbua macho taratibu, akavuta pumzi, akasema: "Gasketi."

Boneti haijafunguliwa.

"Fundi," nikasema, "inachemsha kwenye foleni tu."

"Bosi, wewe kazi yako kuendesha."

Kinyozi wa jirani akaja na mashine yake mkononi, mteja kamwacha nusu kichwa, akasema hiyo ni pampu ya maji. Mama ntilie akasema gari la shemeji yake lilianza hivyohivyo, sasa hivi shemeji ana bajaji. Yule mteja wa nusu kichwa naye akafika, akasema tuangalie plagi. Plagi! Mtu ana shuka shingoni!

Katikati ya kikao hicho, dogo wa fundi akashika tambara akafungua mfuniko wa rejeta. Gari limetoka kuunguruma robo saa nzima. Jamani, yale maji yako kwenye presha, ndiyo maana yanapita nyuzi mia bila kuchemka. Ukifungua mfuniko yanakumbuka kwamba yalitakiwa yachemke zamani. Yakaruka mpaka kwenye maembe. Kinyozi alikimbia. Fundi alikimbia. Mteja wa nusu kichwa alikimbia na shuka la watu, mpaka naondoka hakuwa amerudi. Dogo alipona kwa sababu aliruka kabla hajafikiri. Mama ntilie peke yake hakukimbia. Alifunika sufuria ya wali, akasimama mbele yake.

Fundi akarudi, akakitazama kidimbwi chini: rangi ya chai ya rangi. "Bosi, unaweka maji gani humu?"

Hapo nikapungua. Naweka ya kisima. Nanyi mnakijua kisima cha Dar, ukinawa uso unajiona kama umetoka kuogelea Kigamboni. Chumvi ile imekuwa inakula chuma miaka yote hii, na mimi najiita nusu injinia.

Alipoona nimenyamaza akapata nguvu. Akazama na spana, akaibuka na kidude cha shaba kina springi. "Unaona hii? Themostati. Hii ni ya nchi za baridi. Dar kuna baridi?" Nikamwambia kile kidude kinafunga njia ya maji mpaka yafike kama nyuzi 80 na kitu, ili injini ipate joto lake haraka, ukikitoa, gari linakwenda Morogoro linadhani bado ni alfajiri na linamwaga petroli. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekuja na majibu yake kutoka nyumbani. Kidude akakitia mfukoni. Mfuko wake.

"Fundi," nikasema, sasa sauti imeshapanda, "naomba uwashe AC! AC tu! Uniangalizie kama feni inazunguka!"

Akawasha. Feni haizunguki.

Kimya kikatanda chini ya mwembe. Akachukua waya mbili, akaiunganisha feni kwenye betri moja kwa moja, ikazunguka vizuri. Basi feni ni nzima, umeme ndio haufiki. Tuangalie fyuzi, tuangalie relei, ile swichi ndogo inayoipelekea feni umeme, tuangalie ile sensa ya joto. Nikamwambia. "Bosi, huko kote tuhangaike nini?" Akamtuma dogo dukani. Dogo akarudi na swichi. Swichi ya taa. Ya ukutani, nyeupe, ile ya sebuleni kwako. Wakaifunga kwa skrubu pembeni ya usukani. "Ukiona foleni, washa. Ukipaki, zima. Kwisha kazi."

Mimi huyu, niliyesahau mwavuli kwenye daladala mara tatu masika moja.

Elfu arobaini na tano. Na nati mbili zikabaki juu ya benchi. Nilipouliza, aliziweka mfukoni na themostati.

Mchana wa leo nimeshuka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kutafuta relei. Muuzaji ananiuliza, "Unataka orijino, orijino kabisa, au orijino yenyewe?" Nimeondoka.

Na petroli nayo haikusubiri. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa bei ya mafuta, wanatoa bei, nami nazisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mwanawe. Mnakumbuka 2017 walipofuta ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka? Nilishangilia mimi, nikanunua na soda. Kumbe wameihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita, mafuta ya taa yakiwemo. Yaani bibi yangu kijijini, ambaye chombo chake pekee cha moto ni kibatari, alianza kunilipia leseni ya Corolla. Nilimweleza nilipokwenda. Akaniuliza mbona nimekuja na basi.

Jioni hii betri imerudi kutoka kuchajiwa. Nimeifunga mwenyewe, nimehakikisha swichi imezimwa, nimehakikisha tena. Naingia ndani nasikia hodi. Ni kijana wa nyumba ya pili, yule aliyepata mtoto mwezi uliopita, macho mekundu.

"Shikamoo mzee. Ile feni ya gari lako jana usiku, uliifunga lini?"

Nikaanza kuomba radhi kwa kelele.

"Hapana mzee. Mtoto alilala. Tangu azaliwe hajawahi kulala vile. Ilipozima saa nane ndipo akaamka." Akakuna kichwa. "Leo utaiwasha saa ngapi?"