Jiji la Tanga Lijenge Vyumba, Lisiishie Kuuza Viwanja

Ukimsikiliza afisa wa halmashauri yoyote akieleza mipango ya makazi, utasikia habari ya viwanja. Vimepimwa, vimetangazwa, bei kwa mita ya mraba ni kadhaa, unaruhusiwa kulipa kwa awamu, hati utaipata ukimaliza. Ni kazi ya maana na siibezi hata kidogo. Mji usiopimwa ni mji ambao gari la zimamoto halipiti na majirani hugombea mpaka hadi zamu ya wajukuu. Lakini katika maelezo yote hayo kuna mtu hatajwi: yule anayeishi Makorora au Ngamiani, mitaa ya hapa Tanga, kwenye chumba kimoja cha kupanga, mwenye nyumba amemtaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, naye mfukoni hana hata ya mwezi mmoja. Kiwanja cha Pongwe, pembezoni mwa jiji, hata kikishushwa bei hadi nusu, yeye hakimhusu. Anachowaza ni atalala wapi mwezi ukiisha.

Ndiyo maana nasema Halmashauri ya Jiji la Tanga ijenge vyumba vya kupangisha, ivimiliki yenyewe, ipangishe kwa mwezi, na isiviuze kamwe.

Tanga wanaiita waja leo waondoka leo, ila mji wenyewe umejengwa na waliokuja wasiondoke. Mkonge ndio uliowaleta wengi. Mwaka 1964, nchi ilipozalisha mkonge kuliko wakati mwingine wowote, karibu tani 230,000, maelfu ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, walikuwa wakilala kwenye kambi za mashamba. Kazi na paa vilikuja pamoja, na bei ya mkonge ilipoanguka viliondoka pamoja. Reli nayo ilikuwa na kota zake, bandari vivyo hivyo. Mfanyakazi aliyestaafu au kupunguzwa kazi alitoka na virago vyake akatafute chumba mjini. Sasa bandari imepanuliwa, bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga, na kila mradi unaleta watu wanaotafuta pa kulala. Sensa ya 2022 ilikuta jiji hili lina watu wanaokaribia laki nne. Wengi wao hawatajenga nyumba miaka mitano ijayo, na baadhi hawatajenga maisha yao yote. Hilo si kosa lao, wala halitatibiwa na tangazo jingine la viwanja.

Anayewahifadhi watu hawa kwa sasa ni mwenye nyumba wa kawaida. Zile barabara za Ngamiani zinazohesabiwa kwa namba zimejaa nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote: vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, baraza mbele, uani jiko na choo. Chumba kimoja yumo fundi cherehani, kingine mama anayekaanga mihogo, kingine kijana wa bodaboda na mkewe. Mimi nimelelewa katika nyumba ya namna hiyo na sijaona ramani nyingine inayowakalisha watu wa kipato kidogo kwa heshima kama ile. Mara nyingi mwenye nyumba ni mama mjane, na hiyo kodi ndiyo pensheni yake. Kwa hiyo simlaumu anapotaka fedha za miezi sita, maana naye ana ada za wajukuu na bati linalovuja. Ila tusiache kuona kwamba yeye, bila mshahara wala ruzuku, ndiye anayefanya kazi ya idara ya nyumba ya jiji zima.

Tufanye hesabu ya kawaida. Chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi, miezi sita ni 240,000. Dalali naye huchukua ya mwezi mmoja, jumla 280,000, na bado hujanunua godoro. Anayeombwa fedha hizo anapata riziki yake kwa siku, elfu nane leo, elfu tatu kesho, kesho kutwa mvua imenyesha hakuna kitu. Zamani tulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005, na hadi leo mpangaji wa chumba kimoja mara nyingi hukimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye silaha yake ni maneno mazuri tu. Juu ya hayo, tangu Julai 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Mdaiwa kisheria ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Wapangaji wangapi wanathubutu kudai warudishiwe?

Mtu akishindwa, kwetu hapigi hema barabarani. Anahamia kwa shangazi, watoto wanalazwa sebuleni kwa binamu, mume anaomba kazi ya ulinzi ili usiku apate pa kukaa. Wengine wanalala barazani pa maduka, wengine Deep Sea, ufukweni kwa wavuvi, karibu na ngalawa. Kwa kuwa ndugu wanambeba, viongozi wanaona hakuna tatizo. Lipo. Limefichwa ndani ya nyumba za watu ambao nao wamebanana, na udugu wenyewe unachoka. Ndoa nyingi zimevunjika kwa sababu ya mgeni wa wiki mbili aliyekaa mwaka.

Sheria inasemaje juu ya aliyekosa hata huyo shangazi? Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi kwamba ni wajibu wa serikali ya mtaa anapoishi kulinda ustawi wake. Kwa mzee asiyejiweza yapo makazi ya Mwanzange, hapa hapa mjini, yaliyo chini ya wizara. Kwa mtu mzima mwenye nguvu zake, au mama aliyefukuzwa na watoto wawili mkononi, hakuna kifungu kinachoilazimisha halmashauri kumpatia hata mkeka. Kilichopo ni vifungu vya uzururaji kwenye Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Mwingereza. Huyo Mwingereza mwenyewe alipofika mwaka 1977 alitunga sheria kwao inayozitwisha halmashauri wajibu wa kuwatafutia makazi waliokosa. Sisi tulikuwa tumekwisha kujitawala, tukabaki na ile ya kukamata.

Lakini tusiige kila cha huko. Mwaka 1980 Uingereza iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei ya punguzo. Ziliuzwa nyingi, zilizojengwa kuziba pengo zikawa chache mno, na leo kule England zaidi ya kaya 100,000 zinakaa kwenye malazi ya muda, mengine ni vyumba vya hoteli, na halmashauri ndizo zinazolipa. Wajibu walibaki nao, nyumba hawakubaki nazo.

Na sisi tumepita njia ya karibu na hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, akaja Msajili wa Majumba wa kuyasimamia, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika. Wazee wa Tanga mpaka leo wakionyesha jengo fulani mjini watakwambia hiyo ni ya Msajili. Mwishoni mwa miaka ya sabini Tanga iliingizwa kwenye mradi wa viwanja vyenye huduma, na Benki ya Nyumba ilikuwapo kukopesha wajenzi wadogo. Halafu Benki ya Nyumba ikafa 1995, nyumba za serikali zikaanza kuuzwa 2002, Shirika likaelekezwa kujiendesha kibiashara. Halmashauri zenyewe zilikuwa zimefutwa 1972 na kurudishwa rasmi kwa sheria ya 1982, zikakuta kazi ya nyumba iko kwa wengine. Tangu hapo hazijaidai.

Najua jibu litakalotoka: fedha hakuna. Mji huu una ushahidi wa kupinga jibu hilo. Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka kumi, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kiasi kilichoombwa. Waliamini kwamba watu wa Tanga watalipa bili za maji. Basi waaminishwe pia kwamba watu hao hao watalipa kodi ya chumba, kwa sababu wanailipa sasa, tena kwa masharti magumu. Halmashauri haihitaji kuanza na mabilioni hayo. Ianze na nyumba chache za vyumba sita kwenye ardhi yake yenyewe, ardhi ile ile inayoipima na kuiuza. Kila inapopima eneo jipya, sehemu yake isiingie sokoni kabisa. Matofali, bati, choo cha uani chenye maji, mita ya umeme ya kila chumba. Ghorofa za vioo hatuzihitaji. Kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, iwe ya kulipa mkopo na kukarabati, siyo ya kujaza pengo la posho.

Hofu yangu kubwa ni upendeleo kuliko fedha. Vyumba hivi vikitolewa kwa simu, wataingia shemeji za wakubwa na tutakuwa tumejenga fedheha. Majina ya waombaji na sababu zao yapitishwe na mkutano wa mtaa, yabandikwe ofisi ya mtendaji kila mtu ayasome. Mama aliyefukuzwa na watoto atangulie, mlemavu atangulie, mzee ambaye bado anajiweza atangulie. Na vibaki vyumba viwili vitatu kila kata vya usiku wa dharura, funguo kwa afisa ustawi wa jamii, mtu alale wiki chache huku akitafutiwa njia. Visingizio vya kwamba watu hao hawajulikani walipo havina nguvu tena: usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022 makarani wa sensa waliwafuata wanaolala stendi na mabarazani wakawahesabu mmoja mmoja. Serikali inajua wanapolala.

Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na mapendekezo ya bajeti hupita kwenye kamati na baraza la madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Diwani wako akija kwenye mkutano wa mtaa na orodha ya viwanja vipya, msikilize hadi amalize, kisha muulize ni vyumba vingapi vya kupangisha vimewekwa kwenye bajeti hiyo. Akijibu kwamba havimo, omba jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.