Eti Mita 60 Tu

Uwanja mdogo, wanasema. Vikapu 9, bure, hakuna tiketi wala mlinzi, uko msituni nyuma ya nyumba za mtaa, maana Finland gofu ya frisbi, ule mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma kwa mirusho michache, iko kila unakogeuka. Ubao wa njia ya kwanza umeandikwa mita 60 hadi kikapuni. Mtu anacheka. Mita 60 si hata mtoto anarusha! Haya, rusha.

Hivi aliyechora uwanja huu aligombana na nani? Eneo lilikuwa dogo, urefu hakuupata, basi akatumia ubaya. Misonobari kushoto, ile miti ya magome meupe kulia, katikati upenyo wa mita 3, na kikapu kimejibanza nyuma ya jiwe. Wazoefu watakufariji kwamba mti ni hewa asilimia 90. Mbona kisahani hakiioni hiyo hewa?

Halafu watu wanakuja na visahani vya kasi, vyenye ukingo mpana, vilivyoandikwa namba ya kasi 12 au 13. Vile vinataka mkono mkali. Ukivirusha kivivu vinakata kushoto mapema na kuanguka puu. Hapa kinatosha cha kasi ya kati na kile cha polepole cha kutupia kikapuni ukiwa karibu. Lakini nani atakubali kuonekana na viwili, wakati jirani amebeba mkoba wa visahani 20, mgongo umepinda kama mchukuzi wa sokoni?

Njia ya pili inakata kulia. Hapo sasa! Mkono wa kulia ukirusha kwa kuvuka kifua, kisahani humalizia kushoto, kwa sababu ya kinavyozunguka. Kukilazimisha kulia lazima uinue ukingo wa nje. Ukiuinua kidogo mno, kinarudi kushoto. Ukizidisha, kinatua wima na kuanza kubingirika, na kwenye mteremko hakina haya: kinaweza kuishia mbali na kikapu kuliko pale uliposimama kukirusha.

Bwawa nalo haliko hapo kwa ajili ya bata. Upepo ukija usoni, kisahani hupata hewa nyingi kuliko nguvu uliyoitoa, kinapanda, kinageukia kulia, kinazama. Dawa ni kukiinamisha ukingo wa nje na kukirusha chini chini, lakini watu wakiona upepo huongeza nguvu, yaani wanauchochea ugonjwa. Adhabu ni mrusho 1, unaendelea karibu na pale kilipovukia mpaka. Kisahani chenyewe sahau.

Kilichopotelea vichakani una dakika 3 za kukitafuta, na mbu wa Julai hawahesabu dakika. Na nani alikutuma ununue cha manjano? Septemba msitu mzima ni majani ya manjano. Nunua cha waridi, uchekwe, lakini urudi nacho. Na andika namba ya simu chini yake. Huko watu hupiga kweli.

Kikapu chenyewe tunamlaumu Ed Headrick wa California. Uwanja wake wa Oak Grove ulianza 1975, na kikapu cha minyororo, yaani nguzo yenye minyororo inayoning'inia juu ya bakuli la chuma, kikapata hataza 1977. Alipofariki 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani, kwa matakwa yake. Kwa hiyo marehemu naye huenda amegonga misonobari.

Ukifika ndani ya mita 10 unadhani umeokoka. Kumbe hapo huruhusiwi kusogea mbele kabla hujatulia vizuri baada ya kurusha. Kile kihatua cha kusindikiza ni adhabu. Rusha kwa nguvu, kisahani kinagonga nguzo na kutemwa. Rusha kwa upole, kinagonga ukingo wa bakuli. Upepo ukitoka nyuma yako, unakikandamiza hata kabla ya minyororo.

Na siku kikitua juu kabisa ya kofia ya kikapu? Kila mtu anakiona, kimetulia, hakiendi popote. Hakihesabiki! Unakishusha, unaweka alama chini ya kikapu, unasimama nyuma ya alama huku tumbo limegusa chuma, kisha unakiachia kidondoke kwenye bakuli lililo chini ya kidevu chako. Usipokiachia, bado hujamaliza. Na kwenye karatasi huo unaandikwa mrusho mmoja kamili, sawasawa na ule wa mita 60.