Ubunifu wa vito huanzia kwenye chamburo

Wabunifu wa vito wa Dar es Salaam wanapoulizwa chimbuko la kazi zao, wengi hutaja mandhari ya nchi, wanyama wa mbugani na shanga za Wamasai. Siyakatai majibu hayo, ila naona yanaruka hatua iliyo muhimu kuliko zote, yaani muda ambao mbunifu ameutumia mezani pa sonara akijifunza madini ya fedha yanakubali nini na yanakataa nini.

Ninayemfikiria hasa ni dada mmoja mwenye karakana ndogo ya uani huko Ilala. Alianza kwa kutunga shanga na kuwauzia marafiki, kazi aliyoifanya vizuri lakini ambayo haikumtofautisha na wengine. Kilichombadilisha ni kukaa na fundi mzee wa Kariakoo, aliyemkabidhi kazi isiyo na sifa yoyote, ya kuvuta waya. Kipande cha fedha hufuliwa kwenye fuawe, huchongwa ncha kwa tupa, kisha hupitishwa katika chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu, na kuvutwa kwa koleo, tundu baada ya tundu, kila moja likiwa dogo kuliko lililotangulia. Na kwa kuwa fedha huzidi kuwa ngumu kadiri inavyovutwa, sharti ipashwe moto kila mara ili ilainike, la sivyo hukatika.

Leo hereni zake zinazotafutwa zaidi zina umbo la korosho, lile tulilolizoea kwenye kanga. Ukimuuliza, atakwambia zimetokana na kanga za bibi yake, na ni kweli; lakini bila waya ule mwembamba, uliosokotwa nyuzi mbili na kubanwa bapa kabla ya kupindwa na kutiwa lihamu, korosho ile ingebaki mchoro wa daftarini.

Kwenye tanzanaiti ndipo pengo la ufundi linapoonekana waziwazi. Jiwe hili, lililogunduliwa Mererani mwaka 1967 na kupewa jina la kibiashara na kampuni ya vito ya Marekani, Tiffany & Co. mwaka uliofuata, ni fahari yetu, na kwa sababu hiyo kila mbunifu hulikimbilia. Hata hivyo, ugumu wake katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi hupata 10, ni kati ya 6 na 7 tu, nalo hupasuka kwa urahisi likigongwa au joto likibadilika ghafla. Kulisimamisha juu ya pete ya kuvaliwa kila siku, likiwa limeshikwa na vikucha vinne vyembamba kama inavyofanywa kwa almasi, ni kuiga picha ya mtandaoni bila kulijua jiwe lenyewe. Dada wa Ilala hulitia kwenye kidani au hereni, hulizungushia ukingo wa fedha pande zote, na hamalizi kazi ya moto baada ya jiwe kukaa mahali pake, bali kabla. Kisha huligeuzageuza dirishani kutafuta upande unaotoa bluu na ule unaoelekea zambarau, maana mawe haya hubadili rangi kwa jinsi unavyoyatazama.

Sisemi kwamba kuazima ni dhambi. Shanga za kioo tunazoziona kuwa za asili zilitoka Ulaya kwa njia ya biashara, na wanawake wa Kimasai wakazipa utaratibu wao wa rangi, hata leo hakuna anayeziita za kigeni. Waliimiliki malighafi kwa kuifanyia kazi.

Kinachonikera ni jinsi tunavyoilipa kazi hiyo. Mteja wa Dar es Salaam amezoea kuuliza gramu, na ujira wa fundi kwake ni jambo la kupunguziwa bei. Kwa hereni za waya, ambazo uzito wake ni mdogo na saa zake za kazi ni nyingi, hesabu hiyo ni dhuluma. Dada yule sasa huandika ujira katika mstari wa kwanza wa risiti, na gramu chini yake. Wapo wateja wanaosoma mstari huo wa kwanza na kuondoka, naye huwaacha waende, na mimi naona yuko sahihi.