Msimu Unaojulikana Haupaswi Kuitwa Janga

Kwa muda sasa nimekuwa nikipanga safari ya kwenda Sapporo, makao makuu ya Hokkaido huko kaskazini mwa Japani, katika wiki ya Tamasha la Theluji mwezi Februari, na kilichonisukuma kuandika haya si uzuri wa sanamu za theluji wala bei za hoteli, ambazo wiki hiyo hupanda kupita kiasi. Ni jibu la mfanyakazi mwenzangu, mzaliwa wa jiji hilo, nilipomuuliza itakuwaje ikiwa theluji itaanguka usiku wa kuamkia siku tuliyokusudia kupanda treni ya kwenda Otaru. Alinitazama kama mtu asiyelielewa swali. Akasema kwamba bila shaka itaanguka, kwa kuwa ni Februari, na kwamba treni ikichelewa nitajulishwa kabla sijatoka hotelini. Kisha akahamia kwenye suala la viatu, akaniagiza ninunue vyenye soli ya kushika barafu, nitembee kwa hatua fupi, na nisidhubutu kukodi gari.

Jibu lile limenikaa moyoni, na kila ninapolitafakari mawazo yangu yanakwenda Kigogo, Dar es Salaam, nyumbani kwa mama, na mwezi wa Aprili. Sihitaji kuwaeleza Aprili ya Kigogo ikoje mto Msimbazi unapofurika. Nitasema tu kwamba mama hajawahi kunijibu kwa utulivu wa namna ile ninapompigia simu na kumuuliza hali ya mvua.

Tuanze na theluji yenyewe, maana wengi wetu tumeiona kileleni mwa Kilimanjaro tu, tena kwa mbali. Majira ya baridi upepo mkavu na mkali hutoka Siberia, ukavuka bahari iliyo na joto kuliko wenyewe, ukajaa unyevu, na unapofika Hokkaido huutua mzigo huo wote kwa namna ya theluji. Ukijumlisha inayoanguka Sapporo kwa msimu mmoja wa kawaida, unapata kimo cha karibu mita 5, na inaanguka juu ya jiji lenye watu wanaokaribia milioni 2. Ni jiji kamili, lenye shule, hospitali, masoko na wazee wanaoishi peke yao, na kila mwaka linafunikwa, na kila mwaka watu wanakwenda kazini.

Wanafanyaje? Theluji mpya ikifikia kama sentimita 10 barabarani, magreda hutoka usiku watu wakiwa wamelala, ili njia ziwe zimepitika kabla ya msongamano wa asubuhi. Baadaye malori huisomba na kuimwaga katika maeneo yaliyotengwa kwa kazi hiyo. Mbele ya mlango wako ni kazi yako: kila nyumba ina beleshi lake, na huruhusiwi kuisukuma theluji yako barabarani ikawe tatizo la mwingine. Kwenye njia panda na vivuko vinavyoteleza kuna masanduku yenye mifuko midogo ya mchanga, na mpita njia yeyote huchukua mfuko akaunyunyiza mwenyewe kwa ajili yake na kwa ajili ya atakayemfuata. Njia ya reli ya chini ya ardhi ya Namboku, iliyofunguliwa Desemba 1971 kabla ya Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 1972, ina sehemu ya kusini inayopanda juu ya ardhi kuelekea Makomanai, na sehemu hiyo waliijengea paa la alumini tangu siku ya kwanza. Hawakusubiri treni zikwame ndipo waunde kamati.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote nilikiona kwa macho yangu Julai, nilipopita huko kikazi. Pembeni mwa barabara kuna nguzo zilizopinda juu ya njia, na kila nguzo imening'iniza mshale wenye milia ya rangi nyekundu na nyeupe, ncha yake ikielekea chini. Jua lilikuwa kali, lami ilikuwa kavu, na mshale ule ulikuwa unaonyesha ukingo wa barabara ambao mtu yeyote aliuona bila kuonyeshwa. Nilipouliza nikaambiwa kwamba ni kwa ajili ya miezi ambayo ukingo huo hauonekani, ili dereva na mwendesha greda wajue barabara inaishia wapi. Nilisimama chini ya mshale ule kwa muda. Mtu aliyeuweka alikuwa ameukubali msimu ujao wakati dalili zake zote zimeondoka, na hilo ndilo jambo ninalolitamani kwetu kuliko fedha za Wajapani.

Najua nitakachoambiwa. Nitaambiwa nimeshiba wali wa watu nikasahau ulezi wa kwetu, kwamba mtu akikaa ughaibuni kidogo anageuka mhubiri wa kuwasuta waliobaki. Ndugu yangu unayesema hivyo, mimi nimelala juu ya meza na wadogo zangu maji yakiwa yamejaa chumbani, na siandiki kwa dharau. Mtu anayedharau kwao hapigi simu usiku wa manane kila anaposikia barabara ya Jangwani imefungwa kwa mafuriko. Ninaandika kwa sababu nina hasira, na hasira hiyo inatokana na mapenzi.

Hoja ya pili itakuwa kwamba Japani ni nchi tajiri, na kweli jiji la Sapporo hutumia zaidi ya yeni bilioni 20 kwa mwaka kupambana na theluji, fedha ambazo manispaa zetu haziwezi hata kuziota. Lakini mwenye hoja hiyo na aje nilipo, Yokohama, jirani na Tokyo, siku moja ya baridi. Huku kusini, kwa utajiri uleule na watu walewale wenye nidhamu inayosifiwa duniani kote, theluji ya sentimita chache tu inatosha kuchelewesha treni za Tokyo na kuwapeleka watu hospitali kwa kuteguka na kuvunjika. Magari hayana matairi ya msimu, majumba mengi hayana hata beleshi. Tokyo haikujiandaa kwa sababu theluji huku ni mgeni wa nadra, ilhali Sapporo imejiandaa kwa sababu huko ni mwenyeji. Tofauti ya miji hii miwili haimo katika damu ya watu wala katika hazina ya taifa; imo katika kukiri kwamba jambo fulani litatokea na kulipangia kabla halijatokea. Sasa niambieni, mvua ya masika kwa Dar es Salaam ni mgeni au ni mwenyeji?

Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla msimu haujaanza, na watu wanausoma. Tena wapo majirani zetu, na tunawafahamu kwa majina, wanaoungojea msimu huo kwa hamu ili mvua kubwa ikishuka usiku watapishe vyoo mtaroni maji yaondoke na uchafu huo. Mvua tunaijua, basi, tena wengine wetu tumeipangia kazi yake. Kinachokosekana ni kuipangia kazi njema. Kuuzibua mtaro mwezi Januari hakuhitaji yeni wala dola. Kunahitaji mabeleshi, mikokoteni, gari la kubeba tope lisiachwe pembeni likarudi palepale mvua ya kwanza ikinyesha, na mwenyekiti wa mtaa aliye tayari kugombana na anayetupa taka humo. Fedha nyingi zinahitajika kwa madaraja, kingo za mto na kuwahamisha watu kwa haki, nakubali, na watu waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 wanajua gharama ya kuhama kuliko mimi ninayeandika nikiwa mbali. Lakini tusiutumie ukubwa wa daraja kuwa kisingizio cha mtaro wa nyuma ya nyumba.

Kuna mwingine atakayesema kwamba theluji si sawa na maji, na huyu namheshimu kwa kuwa amesema kweli. Theluji hukaa ilipoangukia ikasubiri kuzolewa. Maji hayamsubiri mtu, na Msimbazi hautoi nafasi ya kumaliza kahawa. Hata hivyo, ukweli huo unaongeza uzito wa hoja yangu, kwa sababu anayekabiliwa na adui asiyesubiri ndiye anayepaswa kuamka mapema zaidi. Wala sisemi kwamba Sapporo haishindwi. Februari 2022 ilianguka theluji ya sentimita 60 ndani ya saa 24, kiasi ambacho hawakuwahi kukipima hapo kabla, na treni zote zilizotumia stesheni ya Sapporo zikasimama. Watu walilalamika kwa nguvu, tena kwa haki. Walilalamika kama watu waliozoea kupata huduma wakaikosa, na lalamiko la aina hiyo lina makali ambayo letu halina, kwa maana sisi tumefika mahali pa kumshukuru Mungu kwamba mwaka huu maji yameishia magotini.

Hapa ndipo ninapotaka kusema na wale wa upande mwingine, wanaoniandikia kwamba Mwafrika hajui kupanga, kwamba tuliumbwa tuishi kwa siku moja moja. Hao wananiudhi kuliko wanaoniita mwenye maringo. Pwani yetu yote iliishi kwa kupanga misimu. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakatia nanga Zanzibar, Mombasa na Lamu, na kusi ilipoanza kuvuma yakarudi. Nahodha aliyekawia kupakia alijua ameukosa msimu, na mikopo, ndoa na mizigo vilipangwa kwa kufuata upepo. Mkulima wa Morogoro hakumbushwi na mtu lini aandae shamba. Watu wenye historia hiyo hawawezi kusema kwamba kungojea masika ni jambo lililo juu ya uwezo wao, wala mtu yeyote hana haki ya kulisema hilo kwa niaba yao.

Na lipo jambo ambalo Sapporo, kwa mishale yake yote, pengine ingelihusudu. Maji yalipoingia kwetu, mama mmoja wa mtaa wa juu ambaye hakuwa ndugu yetu alituchukua sisi watoto, akatulaza na wanawe hadi nyumba ilipokauka, na hakuna aliyemuomba. Vijana wa Kigogo huwabeba wazee mgongoni wakavuka nao maji yanayofika kifuani, na huyaacha mabegi yao ili wabebe ya wengine. Hapa ninapoishi simjui hata kwa jina jirani ninayetenganishwa naye na ukuta mmoja. Nikianguka kwenye ngazi, gari la wagonjwa litafika upesi, ila sijui kama kuna mlango utakaofunguliwa. Naringia watu wangu, na ninasema hivyo bila kusita.

Lakini ushujaa ule tumeufanya kuwa badala ya mtaro. Kila mwaka tunasambaza picha za kijana aliyembeba bibi, tunamsifu, tunamchangia, na hakuna anayeuliza kwa nini bibi abebwe mwaka hadi mwaka, mahali palepale, mwezi uleule, hata kijana naye amezeeka na sasa anabebwa. Watu wenye moyo wa namna hiyo wanastahili jiji linaloufanya moyo huo upate kupumzika. Tamasha la Theluji lenyewe lilianzishwa mwaka 1950 na wanafunzi waliochonga sanamu 6 tu katika bustani ya Odori, miaka 5 baada ya vita vilivyoiacha nchi yao hoi, na bustani hiyo wakati wa baridi ilikuwa mahali pa kurundika theluji iliyozolewa. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wameshaizoa theluji, ndiyo maana walipata nafasi ya kucheza nayo.

Mipango yangu, basi, imekaa hivi. Nitakwenda kwa ndege kutoka Haneda hadi New Chitose, safari ya kama saa moja na nusu, kisha treni hadi mjini. Nilikwisha kufikiria njia ya reli kupitia handaki la Seikan, ila treni ya kasi inaishia Shin-Hakodate-Hokuto, stesheni iliyo nje ya Hakodate, na mwendo uliobaki hadi Sapporo unakula zaidi ya saa tatu. Sitachukua ndege ya mwisho ya siku, na nimeacha siku moja wazi kabla ya kurudi kazini, kwa kuwa uwanja ule hufungwa dhoruba ikizidi. Viatu nimenunua. Kati ya stesheni na Odori nitapita kwenye njia ya chini ya ardhi iliyofunguliwa 2011, na jioni nitakula jingisukan, nyama ya kondoo inayochomwa mezani, nikiwa na hakika kwamba kesho yake njia itapitika.

Kwa upande wa nyumbani, kaka yangu amekwisha kuzungumza na mwenyekiti wa mtaa kuhusu mtaro unaopita nyuma kwetu, na wamekubaliana uzibuliwe Jumamosi ya mwisho ya Januari, na tope liondolewe siku hiyohiyo. Mchango wangu wa gari na mabeleshi nautuma wiki hii, pamoja na fedha za chakula cha watakaofanya kazi. Mimi sitakuwepo, na anayetaka kunilaumu kwa hilo ana haki. Wanaoishi Kigogo na wana jambo la kuniambia kuhusu maringo yangu, nawaomba wafike Jumamosi hiyo asubuhi, wazungumze na kaka. Kazi inaanza saa moja.